Ni wangapi wanaharibika neva? Mazungumzo na watu wa kisukari aina ya kwanza

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wangu mliokaa hapo mbele. Asanteni sana kwa kunikaribisha. Niliombwa nije niongee kuhusu neva, yaani mishipa ya fahamu, na maswali mliyotuma kabla ya leo karibu yote yalikuwa swali moja, ni watu wangapi wenye kisukari aina ya kwanza wanaoharibika neva? Wengine mmeuliza kwa ajili yenu wenyewe, wengine kwa ajili ya mtoto, na kuna mama mmoja ameandika kabisa kwamba sehemu moja amesoma asilimia 7, sehemu nyingine amesoma 66, sasa aamini ipi. Basi tuanze na huyo mama, manake amegusa penyewe. Mimi ni nesi, kazi yangu ya kila siku ni kupima miguu ya watu wenye kisukari, kwa hiyo mengi nitakayosema yanatokea huko.

Mama yangu, namba zote mbili ni za kweli. Ile ya 66 imetoka Rochester, Minnesota, kule Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1993, na wale watafiti hawakuishia kumuuliza mtu unajisikiaje, walipitisha umeme kwenye neva wakaangalia unasafiri kwa kasi gani, wakapima mtetemo, wakapima moyo unavyobadilika mtu akivuta pumzi, na wakahesabu kila neva iliyoguswa hata ile ya kiganja inayobanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Ukitafuta kwa namna hiyo utapata tu. Lakini sasa sikilizeni ile sehemu ambayo watu huwa hawaifikii: kati ya watu haohao wa aina ya kwanza, wenye uharibifu wa neva za miguu wenye dalili, yaani mtu mwenyewe anausikia, walikuwa asilimia 15, na waliofika hatua mbaya kabisa ya kushindwa kutembea kwa visigino walikuwa asilimia 6. Kundi ni lilelile, watu ni walewale, na mwandishi mmoja anaweza kuchukua 66 akakunyima usingizi, mwingine akachukua 6 akakwambia hamna shida.

Ile ya 7 nayo ni ya vijana, utafiti wa Marekani unaoitwa SEARCH, majibu yakatoka 2017, na hao ni vijana ambao wengi walikuwa wameishi na kisukari miaka michache. Ukimpima mtu ambaye ugonjwa wake bado mchanga utakuta neva zake nyingi ziko salama, hilo halishangazi. Wale vijana wa aina ya pili kwenye utafiti huohuo walikuwa asilimia 22, mara tatu yake, na naomba mlikumbuke hilo siku mtu akiwaambia aina ya kwanza ndio kila kitu chake ni kibaya zaidi.

Katikati ya hizo mbili kuna nyingine nyingi. Ulaya walikusanya watu 3,250 wa aina ya kwanza kutoka nchi 16, utafiti wa EURODIAB, wakakuta asilimia 28. Pittsburgh waliwagawa kwa umri, wenye miaka 18 hadi 29 wakapata asilimia 18, wenye miaka 30 na kuendelea wakapata 58, na hao ni watu waliougua tangu utotoni, tena wengi wao walikua kipindi ambacho mashine ya kupima sukari nyumbani haikuwepo, mtu anapima mkojo tu, insulini anachoma kwa kukisia. Alafu kuna hesabu ya karibuni zaidi ya Marekani ambapo watu walijaza dodoso la dalili, wakapatikana asilimia 11, lakini dodoso linamkamata anayesikia kitu, asiyesikia chochote linampita.

Kwa hiyo ukiulizwa ni wangapi, na wewe uliza kwanza: wamepimwaje, na wana miaka mingapi na sukari. Mkinibana niseme namba moja ya kubeba kichwani nitasema hivi, ukichukua watu walioishi na aina ya kwanza miaka ishirini na kitu, ukawapima vizuri kwa mikono na vifaa, utakuta robo hadi theluthi yao neva za miguu zimeguswa. Sio wote. Wala sio wachache wa kupuuzwa.

Na katika hao walioguswa, hadi nusu hawana dalili yoyote. Hapa ndipo mimi roho inaniuma na ndipo nataka tukae. Mtu anakuja kliniki, unamuuliza miguu vipi, anakwambia safi kabisa nesi, na anasema kweli, hasikii maumivu. Lakini kutosikia maumivu kuna sababu mbili, moja ni kwamba mguu mzima, nyingine ni kwamba neva ya kupeleka taarifa ya maumivu imekufa, na yeye mwenyewe kwa kukaa tu na kutafakari hawezi kujua yuko upande upi. Hata mimi siwezi kujua kwa kumwangalia. Ndio maana tunapima.

Ngoja niwaeleze kipimo chenyewe, manake wengi mmeambiwa mtapimwa miguu mkadhani ni kuangaliwa kucha. Kuna kiuzi kama cha mshipi wa kuvulia samaki, kimeshikizwa kwenye kishikio, kinaitwa monofilamenti, kimetengenezwa kikigandamizwa kwa nguvu ya gramu 10 kinapinda. Kwanza nakugusa nacho mkononi ujue kinavyosikika, alafu nakwambia funga macho. Nakugusa chini ya kidole gumba cha mguu, nagandamiza mpaka kipinde, nahesabu kama sekunde moja natoa, nahamia sehemu nyingine, na kila ukisikia unasema ndio. Sigusi penye sugu manake pale ngozi nene itatudanganya. Na sigusi kwa mwendo unaofanana, nachelewesha makusudi, kwa sababu watu wengi wanataka kufaulu, anasikia nimegusa mara tatu kwa mpangilio, ya nne anasema ndio kabla sijamgusa. Jamani huu sio mtihani wa shule. Ukisema ndio ya uongo unajinyima wewe. Nikikugusa ukanyamaza kimya, mimi sikuhukumu, naandika tu, alafu tunapanga cha kufanya.

Cha pili ni kile chuma chenye ncha mbili, kinapigwa kinatetemeka, nakiweka kwenye mfupa wa kidole gumba nakuuliza unasikia mtetemo, na mtetemo ukiisha uniambie. Kama kwako umeisha na mimi bado nausikia kwenye vidole vyangu, hapo tuna jambo la kufuatilia. Hiki mimi nakipenda sana kwa sababu kinagundua mapema kuliko ule uzi, uzi unapoanza kushindwa kusikika mara nyingi uharibifu umeshakwenda mbali, tayari ni mguu unaoweza kupata kidonda bila mwenyewe kujua. Alafu kuna kuchoma kidogo kwa ncha au kupima kama unatofautisha baridi na joto, hiyo ni kwa ajili ya neva nyembamba, na kagongo ka nyundo nyuma ya kifundo cha mguu kuona kama mguu unaruka. Zote hizo hazimalizi hata dakika kumi na wala hatuhitaji umeme.

Utaratibu wa Chama cha Kisukari cha Marekani unasema mtu wa aina ya kwanza aanze kupimwa hivi miaka mitano baada ya kugundulika, kisha kila mwaka. Aina ya pili wanaanza siku hiyohiyo ya kugundulika, kwa sababu wao wanaweza kuwa wameishi na sukari miaka bila kujua, nyinyi aina ya kwanza ugonjwa unajitangaza wenyewe kwa kishindo. Sasa jihesabieni hapo mlipo. Kama una miaka minane na kisukari na hujawahi kufumba macho mtu akakugusa na uzi, unadai haki yako, na uidai kwa kuvua viatu kabla daktari hajaingia, kweli kabisa nawaambia, mguu ulio wazi ni vigumu kuusahau.

Kwa nini ianze miguuni? Kwa sababu neva zinazofika vidoleni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, kwa mtu mzima zinatoka mgongoni zinateremka karibu mita moja, na neva inalishwa na vijishipa vidogo mno vya damu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inafanya mambo mawili kwa pamoja, inachafua kemia ndani ya neva yenyewe na inabana vile vijishipa vinavyoilisha, kwa hiyo inakuwa kama mti unaokosa maji, unaanza kukauka kwenye ncha za matawi ya mbali. Ndio maana ganzi inaanza vidoleni, miguu yote miwili, inapanda polepole eneo lile la soksi, na ikifika karibu na magoti ndio unaanza kuisikia kwenye ncha za vidole vya mikono. Ganzi ikija mguu mmoja tu, au ikaja kwa ghafla, au nguvu zikaisha kabla ya ganzi, usikubali kuambiwa moja kwa moja ni sukari, hapo kuna kitu kingine kinatakiwa kitafutwe. Kule Rochester karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi matatizo yake ya neva yalikuwa na sababu nyingine kabisa. Na nyinyi wa aina ya kwanza mna la ziada, kinga ya mwili iliyoshambulia kongosho inaweza pia kushambulia tumbo likashindwa kunyonya vitamini B12, au ikashambulia tezi ya shingo, na vyote viwili vinaleta ganzi, na vyote viwili vina tiba. Kwa hiyo ombeni B12 ipimwe. Inauma sana mtu kuishi na ganzi miaka kumi kumbe alihitaji sindano za vitamini.

Kuna neva nyingine ambazo watu hawazitaji hata kliniki, zile zinazoendesha mwili bila wewe kuamuru, moyo, tumbo, kibofu, jasho, na mambo ya chumbani. Nitagusa tumbo kwa sababu linawatesa watu wa insulini vibaya sana. Neva za tumbo zikilegea chakula kinakaa mle masaa hakishuki, sasa wewe umehesabu wanga vizuri, umechoma insulini yako vizuri, insulini inaanza kazi lakini chakula bado kiko tumboni, sukari inaanguka nusu saa baada ya kula, unakunywa kitu cha sukari, baada ya masaa matatu manne chakula kinashuka chote, sukari inaruka juu, na daktari akiangalia daftari anaona mtu asiye na nidhamu. Na mtu mwenyewe anaanza kuamini hivyo! Nidhamu anayo, tumbo ndio haliendi. Ukiona sukari zako zinaanguka mara kwa mara baada ya kula na unashiba haraka, unajisikia kichefuchefu, sema, usikae unajilaumu. Na moyo ukidunda zaidi ya mara mia kwa dakika ukiwa umetulia, au ukisimama dunia inazunguka kwa sababu presha imeshuka, hayo nayo ni ya neva, yatajwe. Wanaume, na nguvu za kiume zikipungua msimalize pesa kwa dawa za mitaani, njooni kliniki, hilo tunalisikia kila siku na halitushangazi.

Sasa nije kwenye ile habari ambayo natamani kila mzazi hapa aondoke nayo. Kati ya mwaka 1983 na 1993 Marekani na Canada walifanya utafiti mkubwa wa aina ya kwanza, unaitwa DCCT, watu 1,441, wakawagawa, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida ya wakati ule, sindano moja au mbili kwa siku, nusu wakapewa matibabu ya nguvu, sindano tatu au zaidi kwa siku au pampu ya insulini, na kupima sukari mara nyingi. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kundi la nguvu lilikaa karibu asilimia 7, lile lingine karibu 9. Baada ya kama miaka mitano uharibifu wa neva ulipungua kwa asilimia 60 kwa wale wa karibu 7. Asilimia 60! Hakuna kidonge duniani mpaka leo kimewahi kufanya hivyo kwa neva. Utafiti ukaisha, wote wakafundishwa njia ya nguvu, na sukari za makundi yote mawili zikaja kufanana, lakini walipopimwa tena miaka 13, 14 baadaye wale waliowahi kudhibiti mapema walikuwa na asilimia 25 wenye uharibifu, wenzao 35. Yaani mwili unakumbuka ile miaka ya mwanzo. Na niseme kweli yote, lile kundi la nguvu walishukiwa na sukari vibaya mara tatu zaidi ya wenzao, hiyo ni gharama, hatukimbilii 7 kwa kuzimia hovyo, na leo wenye bahati ya kupata vihisio vya ngozini vya kupima sukari wanaweza kukaribia huko bila hatari ya namna ile.

Ila namba hizo naomba zisigeuzwe fimbo. Nimesikia wazazi, na nasikitika kusema nimesikia hata watumishi wenzangu, wanamwambia mtoto wa miaka tisa usipochoma vizuri utakatwa mguu. Acheni, nawaomba. Mtoto aliyetishwa hapimi sukari zaidi, anaanza kuandika namba za uongo kwenye daftari. Na asilimia 25 ya wale waliofanya kila kitu vizuri bado waliguswa, kwa hiyo mtu mzima mwenye ganzi aliyekaa hapa leo huwezi kumwambia alijitakia. Kuna urefu, kuna kurithi, kuna muda tu. Ulaya walipowafuatilia watu ambao neva zao zilikuwa salama, baada ya miaka saba na kitu karibu robo yao wakaanza kuharibika, na kilichochangia mbali na sukari na miaka ya ugonjwa ni sigara, presha, uzito na mafuta kwenye damu. Hayo yanashikika. Sigara hasa, sina maneno matamu kwenye sigara, mwenye aina ya kwanza anayevuta anabana vilevile vijishipa ambavyo sukari tayari inavibana.

Kwa wanaoumia tayari, wale wa usiku, miguu inawaka moto, shuka likigusa unaruka, kama sindano zinachoma mfululizo, nisikilizeni. Panadoli hazitakusaidia na kuongeza dozi hakutakusaidia. Kuna dawa za maumivu ya neva, amitriptilini, duloksetini, pregabalini, gabapentini, haziponyeshi neva, zinapunguza maumivu ulale, zinaanza kwa dozi ndogo na zinahitaji wiki kadhaa, na moja ikigoma inabadilishwa au inaongezwa nyingine. Ukiambiwa amitriptilini usikatae eti ni dawa ya sonona, hapa inatumika kwa neva. Dawa kali za jamii ya mofini hazishauriwi kwa hili, zinaanza vizuri zinamalizia vibaya.

Na kuna jambo halisemwi vya kutosha: mtu aliyekaa na sukari juu sana kwa muda mrefu, akaamua kubadilika, akaishusha HbA1c kwa kasi, tuseme zaidi ya pointi mbili ndani ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu makali ya miguu ndani ya wiki chache. Anasema nilipokuwa mbaya sikuumwa, nimekuwa mzuri naumwa, basi anaacha. Tunawapoteza vijana hapo, hasa wasichana waliokuwa wanaruka insulini ili wapungue. Maumivu hayo yanajulikana, kwa wengi yanapungua kadri miezi inavyokwenda, na dawa ya kuyazuia ni kushuka taratibu ukiwa na kliniki yako. Usiache insulini.

Ya nyumbani nayapitia haraka kwa sababu mnayajua. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Angalia nyayo kila jioni, kama huoni vizuri mtu wa nyumbani akuangalizie. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko na sio kwa mguu wenye ganzi. Malengelenge au kidonda chochote, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, ni siku hiyohiyo unakuja.

Nimemaliza ndugu zangu. Wenzangu wawili wako pale meza ya nyuma na uzi na kile chuma, waliofikisha miaka mitano na hawajawahi kupimwa waanze wao, vueni na soksi kabisa. Wenye maswali ya tumbo na yale ya chumbani mnifuate mimi kwenye kile chumba cha pembeni, tutaongea wawili wawili.